Nyumba Imeuzwa, Mwenyeji wa Zamani Hatoki

Mara kwa mara hufika mezani petu mtu aliyeshika bahasha ya kaki. Ndani yake mna mapatano ya mauzo yaliyopigwa muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, yenye sahihi za mashahidi watatu au wanne na alama ya dole gumba la muuzaji. Mtu huyo amenunua nyumba, amelipa, na miezi imepita. Aliyemuuzia bado analala humo na bado anapika humo. Akiulizwa, huahidi kutoka wiki ijayo, au hajibu kabisa. Ombi la mwenye bahasha huwa fupi: "Afande, nipe askari watatu tu. Nusu saa haitapita, kazi itakuwa imekwisha."

Jibu letu ni hapana, na jibu hilo huwaudhi wengi. Wengine huondoka wakiamini kwamba upande wa pili umekwisha kutuona. Somo la toleo hili tumeliandika kwa ajili ya mwenye bahasha huyo, na pia kwa ajili ya yule aliyejifungia ndani ya nyumba. Wote wawili ni majirani zetu hapa mpakani, na tumejifunza kwamba mara nyingi wote wawili wana sababu.

Kazi yetu na isiyo yetu

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 212, imelipa Jeshi la Polisi kazi ya kulinda uhai na mali, kudumisha utulivu, na kuzuia na kugundua uhalifu. Haikutupa kazi ya kuamua nani mwenye nyumba. Uamuzi huo ni wa mahakama. Mapatano ya mauzo, hata yakiwa na mihuri kumi, ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana. Si amri ya kumtoa mtu. Askari anayekwenda kumtoa mtu nyumbani kwa nguvu ya karatasi hiyo peke yake anatenda nje ya mamlaka yake, na mwananchi aliyetendewa hivyo ana haki ya kupeleka malalamiko katika kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu na viwango vya kazi. Tunayasema haya juu ya wenzetu bila kuona haya.

Wengi hutuuliza: je, kukaa katika nyumba uliyokwisha kuiuza si uvamizi? Kosa la kuingilia mali ya mtu limo katika Sheria ya Makosa ya Jinai, lakini limewekewa masharti. Lazima pawe na nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye kuishikilia mali hiyo. Mtu aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, akalala humo miaka ishirini, na anayedai kwa moyo mweupe kwamba hajamaliziwa fedha zake, hafananishwi na mwizi aliyeruka ua. Sheria hiyohiyo inatambua utetezi wa mtu anayeshikilia mali kwa dai la haki analolisadiki. Ndiyo maana mwanasheria wa serikali hulirudisha faili la namna hiyo akiwa ameandika kwamba ni shauri la madai, si la jinai.

Sasa tuitazame ile nusu saa. Tuchukulie kwamba mnunuzi, baada ya kukataliwa kituoni, anawakodi vijana sita wa mtaani. Wanafika Jumapili asubuhi, familia ikiwa kanisani. Wanavunja kufuli, wanatupa magodoro nje, wanang'oa mabati ya paa ili nyumba isikalike tena. Mvua inanyesha. Jioni, anayefika mezani petu ni yule muuzaji, na safari hii ana jambo ambalo ni letu kabisa. Sheria inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia katika ardhi au nyumba kwa nguvu au kwa vitisho ili aitwae, na inasema wazi kwamba haijalishi kama ana haki ya kuingia au hana. Vyombo vilivyovunjika ni kosa jingine. Kijana aliyempiga mtoto wa nyumba hiyo kwa rungu ni kosa la tatu. Aliyekuwa na dai zuri asubuhi, usiku analala mahabusu, na atakapofika mahakamani kudai nyumba yake wakili wa upande wa pili ataanza na habari za mabati.

Kukata umeme, kuziba choo, kujaza kifusi mlangoni au kumleta mtu mwingine akae chumba cha mbele ili wenyeji wachoke ni njia ileile iliyovaa nguo nyingine.

Kwa nini hatoki?

Uzoefu wetu ni kwamba swali hili huulizwa mwisho, wakati lilipaswa kuulizwa kwanza. Mnunuzi huuliza atamtoaje. Ni wachache wanaouliza kwa nini yumo. Nasi tumeona kwamba sababu ya kutotoka mara nyingi haikuzaliwa baada ya mauzo, bali ilikuwapo siku ileile karatasi ilipoandikwa.

Sababu iliyo nyepesi kuliko zote ni salio. Bei ni shilingi milioni kumi na nane, zimelipwa kumi na nne, na zilizobaki zimeandikwa kwamba zitalipwa "baadaye". Neno hilo limetuletea mafaili mengi kuliko bangi. Mnunuzi huhesabu kwamba amekwisha kununua. Muuzaji huhesabu kwamba bado anauza. Hapo hakuna haja ya wakili mkubwa. Wakae mbele ya mwenyekiti, waandike siku ya kulipa salio na iwe ndiyo siku ya kukabidhi funguo, mkono kwa mkono.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mwenzi wa ndoa ambaye hakuulizwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inamkataza mtu kuuza, kubadilishana, kuweka rehani au kukodisha ardhi ya familia bila idhini ya mume au mke wake. Ardhi ya familia ni ile yenye makao yao ya kawaida, au ile inayowalisha. Ndoa inayohesabiwa ni ndoa halali, iwe ya kanisani, ya msikitini, ya kimila au ya serikalini. Mume akiuza nyumba peke yake siku ambayo mke amevuka kwenda sokoni ng'ambo, mauzo hayo ni batili. Wala haisaidii mnunuzi kusema kwamba hakujua. Sheria imemfikiria mnunuzi asiyejua, na ilichompa ni haki ya kudai fedha zake kwa aliyemuuzia, nyumba haikumpa.

Tafadhali lisomeni jambo hili mara mbili, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapopotea. Mama anaposimama mlangoni na kusema, "Mimi sikuuza, na sitoki," mtaani huonekana mkaidi, na wengine humwambia kwamba mke hana neno katika mali ya mumewe. Sivyo. Huenda yeye ndiye peke yake katika mgogoro huo mwenye sheria upande wake. Kwa mnunuzi, kuzidi kumsukuma ni kupoteza wakati ambao angeutumia kumfuata mume kabla fedha hazijaisha. Kwa upande mwingine, sheria hairuhusu mwenzi wa ndoa kuinyima idhini pasipo sababu ya maana. Akiinyima kwa hila, kama vile kungoja bei ipandishwe, anayeumia anaweza kulipeleka jambo hilo kwenye vyombo vya kuamua migogoro ya ardhi.

Sababu ya tatu ndiyo inayotusumbua kuliko zote, nayo ni mkopo uliovishwa vazi la mauzo. Mtu ana mgonjwa, anahitaji shilingi milioni mbili kabla ya jioni. Mkopeshaji anamwambia: "Ndugu yangu, mkopo una mambo mengi. Tuandike tu kwamba umeniuzia nyumba. Ukinirudishia pesa zangu na faida yake, karatasi tunaichana." Nyumba ina thamani ya milioni ishirini. Mwenye shida anatia sahihi, kwa kuwa mgonjwa hangoji. Miezi mitatu baadaye mkopeshaji anafika kituoni na bahasha ya kaki, na kwa macho bahasha hiyo haina tofauti na nyingine. Muuzaji anapolia kwamba hakuuza, mashahidi hutazama chini. Waliambiwa waje kushuhudia mauzo, wakashuhudia.

Tumejifunza kutazama dalili. Bei iliyo sehemu ya kumi ya thamani. Mapatano yasiyo na siku ya kukabidhi nyumba. Mnunuzi ambaye hakuwahi hata kuingia vyumba vya ndani kuona anachonunua. Mtu mmoja mwenye mapatano ya namna hiyo saba, yote kwa mwandiko mmoja. Lakini sisi si mahakimu, na dalili si hukumu. Mahakama huangalia kiini cha mapatano, si jina lililoandikwa juu yake. Ikiridhika kwamba uliokuwapo ni mkopo, deni litabaki kuwa deni na nyumba haitahesabiwa kuwa imeuzwa. Tena, anayefanya biashara ya kukopesha fedha anatakiwa kuwa na leseni chini ya sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Kwa hiyo uliyetia sahihi karatasi ya namna hii, usichome karatasi wala usimtishe mkopeshaji kwa panga. Hifadhi ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba ulikuwa ukilipa kidogo kidogo, maana mtu aliyeuza nyumba hamlipi mnunuzi kila mwisho wa mwezi. Waandike mashahidi waliosikia maneno ya siku ile, kisha umtafute wakili au shirika la msaada wa sheria mapema.

Iko na ile ya warithi. Baba amefariki, mtoto wa kwanza anauza nyumba, mjane na wadogo wamo ndani. Kabla ya kupewa na mahakama mamlaka ya kusimamia mirathi, mtoto huyo hakuwa na cha kuuza. Mnunuzi amenunua ugomvi wa familia ya watu.

Mwisho ni yule ambaye hana sababu yoyote ya kisheria. Aliuza kwa hiari, akalipwa zote, mke akakubali. Fedha zikaenda kwenye karo na madeni, na sasa hana pa kwenda. Hujibu kwa ukali kwa sababu anaona aibu. Kwa mtu wa namna hii tumeona wazee wa mtaa wakifaulu pale ambapo vitisho vilishindwa: mnunuzi akampa miezi miwili ya maandishi, au akamsaidia gharama ya gari la kuhamia na kodi ya chumba kwa mwezi wa kwanza. Mnunuzi hutulalamikia kwamba huko ni kulipa mara mbili. Huenda ni kweli. Lakini mwaka mmoja wa kesi una gharama zake, na nyumba inayokabidhiwa kwa amani hukabidhiwa ikiwa na milango yake.

Tofautisheni na hawa wote yule aliyewauzia watu wawili au watatu nyumba moja, au aliyeuza isiyo yake kwa kujifanya mwenyewe. Huyo si wa baraza la wazee. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Njooni kwetu mara moja, ninyi nyote mlionunua, kila mmoja na karatasi yake.

Njia iliyo wazi

Mnunuzi aliyekwisha kujiridhisha kwamba hakuna sababu ya haki inayomzuia mwenyeji kutoka, na aanze kwa barua. Iandikwe kwa lugha ambayo muuzaji anaielewa, itaje mapatano, itaje fedha zilizolipwa, imtake akabidhi nyumba kufikia siku fulani, na nakala yake apewe mwenyekiti wa LC1. Barua haina nguvu ya kumtoa mtu, lakini hakimu huiulizia. Ikiwa pana matusi au vitisho, fikeni kituoni muandikishe, na mwombe namba ya kumbukumbu ya kitabu cha matukio cha kituo. Kuandikisha ni bure. Dhamana ya polisi nayo ni bure, kwa atakayefikia kuihitaji.

Usuluhishi mbele ya mwenyekiti usidharauliwe, ila ujulikane mpaka wake. Makubaliano ya hapo yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote. Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba alikuwapo na anawafahamu wahusika. Haumgeuzi asiye mwenye mali kuwa mwenye mali.

Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa mahakamani. Ardhi ya kimila, ambayo ndiyo nyingi katika wilaya zetu za mashariki, ina mlango wake: marekebisho ya mwaka 2004 yaliipa mahakama ya baraza la parokia, yaani LC2, kuwa ya kwanza kusikiliza migogoro hiyo, na rufaa huenda LC3 na kupanda. Kwa madai yanayopimwa kwa thamani, hakimu wa daraja la kwanza husikiliza yasiyozidi shilingi milioni ishirini, hakimu mkuu yasiyozidi milioni hamsini, na yanayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Mnunuzi anaweza kuomba akabidhiwe nyumba, au arudishiwe fedha, na alipwe fidia kwa muda wote ambao mwingine ameitumia. Anaweza pia kuomba zuio la muda ili nyumba isiuzwe kwa mtu wa tatu kesi ikiendelea, na ombi hilo lisicheleweshwe. Na asikae kimya akidhani kwamba karatasi haiozi: sheria ya ukomo wa muda inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba na kumi na miwili kwa madai ya kurudishiwa ardhi.

Mahakama ikiamua na kutoa amri ya kuondoka, hapo ndipo sisi tunapoingia, na hata hapo si sisi tunaobeba vitanda. Anayetekeleza ni dalali wa korti aliyepewa amri hiyo. Huja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, amri huhakikiwa, na askari huenda kulinda amani. Mwaka 2021 Jaji Mkuu alitoa maagizo maalumu kuhusu kuwaondoa watu katika ardhi, yanayotaka jambo hilo lifanywe kwa kulinda utu wa wanaoondolewa. Kwa hiyo muuzaji anayo haki ya kuonyeshwa amri, kumjua anayeitekeleza, na kuona vyombo vyake vikiorodheshwa na kutolewa bila kuvunjwa. Haki hiyo haimpi ruhusa ya kufunga mlango kwa gogo. Akiisha kutolewa kwa amri ya mahakama kisha akarudi usiku na kuvunja kufuli, tusimsikie akisema kwamba ni shauri la madai.

Neno moja kwa wasomaji wetu wa upande wa Mutukula na sehemu nyingine zenye ardhi ya mailo. Mnunuzi wa hati huweza kukuta watu wenye kibanja juu ya ardhi hiyo. Hao si wauzaji waliokataa kutoka. Wengine ni wakaaji ambao sheria inawatambua, wakiwamo waliokuwa wamekaa humo bila kupingwa kwa miaka kumi na miwili au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Marekebisho ya mwaka 2010 yamefanya kuwa kosa la jinai kumwondoa mkaaji wa namna hiyo bila amri ya mahakama, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Hapo anayeweza kufungwa ni mwenye hati.

Mpaka katikati ya mauzo

Busia ni mji uliogawanywa na mstari, lakini koo hazikugawanyika. Msamia wa upande mmoja ana shangazi upande wa pili, na nyumba huuzwa kati yao kama zinavyouzwa kuku. Mstari huo hauonekani siku ya kulipa. Huonekana siku ya ugomvi.

Asiye raia wa Uganda hawezi kuwa na umiliki wa kudumu wa ardhi hapa. Anaweza kukodishwa kwa muda usiozidi miaka tisini na tisa. Kwa hiyo mgeni anayetaka nyumba upande huu humwomba binamu raia asimame kama mnunuzi. Fedha ni za mgeni, jina ni la binamu. Muuzaji anapokataa kutoka, mwenye fedha hana karatasi, na mwenye karatasi hana haraka. Tumewahi kuona pande tatu zikilalamika dhidi ya nyingine mezani petu kwa siku moja. Aliyefanya hivyo na amwone wakili angali anapatana na binamu yake.

Shauri la ardhi hufunguliwa mahali ardhi ilipo. Amri iliyotolewa ng'ambo haimtoi mtu katika nyumba iliyo huku, na askari wetu hawezi kuvuka kumkamata muuzaji aliyepokea fedha akahamia kwa mjomba wake upande wa pili. Jambo hilo hupita katika ushirikiano rasmi wa majeshi ya polisi ya nchi mbili. Mwenye kununua upande wa Kenya ajue kwamba huko nako wageni hawapati zaidi ya miaka tisini na tisa, kwa Katiba ya 2010. Kwamba ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Na kwamba Sheria ya Ardhi ya huko, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inataka anayekaa isivyo halali katika ardhi ya mtu binafsi apewe ilani ya maandishi ya miezi mitatu, na mkuu wa polisi wa eneo apate nakala. Desturi ya huku isibebwe kwenda kule.

Siku ya kuandika

Mengi ya hayo yangezuilika kwa alasiri moja ya subira. Kabla ya kulipa, mnunuzi aingie ndani ya nyumba aone nani analala humo, na azungumze na kila mtu mzima aliye ndani, si muuzaji peke yake barazani. Mke au mume aitwe, aulizwe mbele ya watu, na idhini yake iandikwe. Kama ardhi ina hati, hati itafutwe katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Kama ni ya kimila, majirani wa pande zote nne wasimame mpakani. Kama ni kibanja, mwenye ardhi apewe nafasi yake ya kwanza ya kununua, kama sheria inavyotaka.

Maandishi yenyewe si hiari. Tangu sheria ya mikataba ya mwaka 2010, mapatano yanayozidi shilingi 500,000 hutakiwa yawe ya maandishi. Na kama mmoja hajui kusoma, sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka aliyeandika amsomee na kumweleza, kisha aandike jina lake na anwani yake juu ya karatasi hiyo. Ni wangapi kati ya waandishi wetu wa mapatano pale sokoni wanaofanya hivyo? Karatasi isiyo na jina la mwandishi huwa ngumu kuitetea siku muuzaji atakaposema kwamba aliambiwa anatia dole kwenye karatasi ya mkopo.

Halafu iandikwe siku ya kutoka. Isiwe "akishapata nafasi", bali tarehe, mwezi na mwaka, pamoja na kiasi kitakacholipwa kwa kila mwezi wa kuchelewa. Fedha zisimalizwe zote mezani. Sehemu yake, hata moja ya tano, ishikwe na mtu ambaye pande zote zinamwamini, itolewe siku nyumba itakapokuwa tupu na funguo ziko mkononi mwa mnunuzi. Wauzaji wengine hukasirika wakisikia sharti hilo. Hasira ya siku ile ni nafuu.

Ukija kwetu kwa jambo la namna hii, njoo na mapatano yenyewe na nakala yake, risiti au ujumbe wa simu wa malipo, barua uliyomwandikia mwenyeji, na majina ya mashahidi walio hai na wanaopatikana. Muulize askari wa mahusiano na jamii. Yeye atakueleza lipi ni letu na lipi ni la mahakama, na atamwita mwenzako msikilizane kama wote mnakubali. Vijana wakionekana usiku na nondo mbele ya nyumba, uwe wewe ni mnunuzi, muuzaji au jirani, piga 999 bila kungoja kujua nani mwenye haki.